Kisima cha Injinia

Vidoa vilikuwa vya buluu, vidogo kama mbegu za mchicha, vimejaa kisahani kizima cha kupimia maji. Mwanafunzi alivihesabu hadi sitini, akaacha. Maji salama hayana hata kimoja, maana kila kidoa kilikuwa kundi la vijidudu vitokanavyo na kinyesi.

"Ya nani haya?" fundi wa maabara alicheka. "Mmechota chooni moja kwa moja?"

Mwanafunzi alifunika lebo kwa kidole gumba. Yalikuwa maji ya kwao.

Mwaka wa kwanza, kabla hajafika kwenye somo la visima na vyoo, baba alimkabidhi kijiti achague pa kuchimba kisima. Naye, kwa mbwembwe zote za chuo, akakichomeka penye kivuli, hatua kumi tu kutoka chooni. Tangu siku hiyo nyumba nzima ikamwita Injinia.

Simu ilitetemeka mfukoni. Mama.

"Injinia wetu! Mtoto wa dada yako anaharisha tena. Lakini usihofu mwanangu, tunafuata ulivyotufundisha. Tunamnywesha maji kwa wingi."

"Maji gani, mama?"

"Ah, na wewe! Ya kisima chako, yapi mengine?"