Amma Aenda Sinema

"Amma, twende zetu. Tukirudi sasa mwanao hatajua," Kumud alimnong'oneza mama mkwe wake gizani.

Amma Kaushalya hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye filamu, vidole vyake vimeng'ang'ania pindo la sari yake nyeupe ya ujane.

Kumud alijuta. Nani alimtuma akubali? Kanpur nzima ilikuwa ikitokota kwa ajili ya filamu hii ya binti wa Kiislamu aliyependana na mtoto wa kuhani wa Kihindu. Na aliyekuwa akichochea kuni ni Brijesh, mume wake mwenyewe. Alichana mabango, akashika kipaza sauti sokoni: "Anayeitazama si Mhindu!" Halafu asubuhi hii mama yake huyo huyo, bibi asiyekosa hekaluni, akamvuta Kumud jikoni: "Nipeleke. Nisipoiona nitakufa na kiu."

Kwenye filamu, mama wa yule binti alikuwa akimsomea mwanawe dua, bila kujua kwamba ndiyo mara ya mwisho. Kumud alihisi kitu kando yake. Midomo ya Amma ilikuwa ikicheza sambamba na ya yule mama.

"Unasemaje, Amma?"

"Koo limenikauka. Tazama, wewe."

Binti akapanda treni na kijana wake. Amma akaanza kulia, mabega yakimtikisika. Hata siku maiti ya mumewe ilipochomwa kando ya mto hakulia hivyo.

"Sasa watu wa kwao si watamfuata?" Kumud aliuliza, ili kumtuliza.

"Hawamfuati. Watasema amekufa."

"Kumbe umeshahadithiwa!"

Mara milango ikapigwa teke, taa zikawaka.

Waliingia wanaume wenye marungu, mmoja amebeba dumu la petroli. Mbele yao alikuwa Brijesh, kitambaa cha rangi ya zafarani kipajini. Kumud alijifunika uso kwa sari, akazama kitini.

"Wahindu msiogope," Brijesh alisema. "Ninyi mmedanganywa tu. Tuna shida na wale wanaotuibia watoto na kutucheka. Waislamu wasimame!"

Hakuna aliyesimama.

"Hamsikii? Simameni wenyewe, au tuwatafute safu kwa safu!"

Safu ya mbele yao, mwanamke aliyejitanda ushungi alimkumbatia mtoto wake kifuani. Jamaa mmoja akamwona, akacheka.

"Kaka Brijesh, mmoja huyu hapa! Wewe, inuka!"

Rungu likapanda juu. Mtoto akapiga yowe.

"Mwache," ilisema sauti ya kizee.

Amma Kaushalya alikuwa amesimama. Kumud alimvuta sari kwa nguvu zake zote, hakuvutika. Watu waligeuza shingo. Yule mwenye rungu alimtambua, akashusha mkono, akamtazama kiongozi wake.

Uso wa Brijesh ulipauka.

"Amma? Unafanya nini humu?" Alitupa jicho kwa wenzake, akalazimisha kicheko. "Mama yangu huyu, jamani, masikio yamezeeka. Keti, Amma. Nimesema Waislamu ndio wasimame."

"Nimekusikia, mwanangu," Amma alisema, wala hakuketi.