Marahaba ya Miaka Sita

Ilikuwa mwaka 1974, wakati wa masika, Sikudhani aliporudi kutoka hospitali kuu, mwanawe Tatu amemlalia mgongoni. Mtoto alikuwa ametimiza miaka minane, na kwa miaka sita misuli yake ilikuwa ikinyauka bila mtu kujua sababu. Kwa miaka hiyo sita, mama mkwe wa Sikudhani, Bi. Mgeni, hakuitikia salamu yake, akiamini kwamba yeye ndiye aliyeleta laana nyumbani.

“Shikamoo, mama.”

Bi. Mgeni aliendelea kupepeta mchele. “Na hao madaktari wako wamesemaje?”

“Ni ugonjwa wa nadra, mama. Hurithiwa kwa baba na mama pamoja. Upande mmoja hautoshi.”

Ungo ulitulia. “Kaka yangu Shomari hakuwahi kutembea,” Bi. Mgeni alisema polepole. “Tulisema amelogwa. Na dawa ya Tatu?”

“Haipo. Wamesema hatafika miaka ishirini.”

Bi. Mgeni aliuweka ungo chini, akampokea Tatu, akamlaza mapajani. Aliinyoosha miguu ya mtoto, nayo ikajikunja tena.

“Marahaba, mwanangu,” alimwambia Sikudhani. Akainyoosha tena. “Marahaba.” Na tena.