Raba ya Shilingi Kumi

Nzisa aliweka kiganja kwenye ukuta wa mabati, akakiondoa haraka, ingawa jengo lenyewe lilikuwa halijawahi kuonja stima.

"Usiogope, mwaitu, mama yetu," fundi Erastus akacheka. "Hiyo bado ni mabati tu."

Kijana angejua wapi? Miezi saba iliyopita, kule Mitaboni, Mumo, kifungua mimba wake, aliweka chini mashine ya kuchomelea, akachukua kikombe cha chai, akaegemea ukuta wa karakana ya kukodi. Ukuta ulikuwa na stima; hakuinuka tena. Jamani, mtu anakunywa chai tu! Sasa mdogo wake, Munyao, alitaka kazi ile ile na haambiliki. Basi Nzisa akamjengea karakana hapa hapa nyumbani Kalama, na kuapa kwamba ukuta hautamla mtoto wa pili.

Mafundi wa stima wamejaa Kalama. Yeye alimtaka huyu wa kutoka mjini Machakos, huyu tu.

"Kwani nani alikupa namba yangu?" Erastus aliuliza.

"Niliiona kwenye kazi yako."

Kijana akavimba kichwa. "Kizuri chajiuza, mwaitu!"

"Hebu nieleze, mimi sikusoma. Waya zitapita wapi?"

"Ndani ya paipu ya chuma. Ya plastiki ni rahisi, lakini cheche zitaiyeyusha."

"Na zikipenya ukutani?"

"Hapo ndipo penye kazi. Tundu la mabati lina makali kama kisu. Upepo ukitikisa, linakula waya pole pole. Siku likifika kwa shaba, ukuta wote una stima. Kwa hivyo tundu lazima livishwe raba. Shilingi kumi tu!"

Moyoni Nzisa alikuwa akimwombea kijana huyu akosee, hata mahali pamoja.

"Na ile waya ya kwenda ardhini?"

"Athi? Bila hiyo sifanyi. Chuma kinazikwa chini, kinaunganishwa na ukuta. Stima ikitoroka, swichi inajizima yenyewe."

Hakukosea popote. Machozi yakamlenga Nzisa, akajifanya anafukuza nzi.

"Ulijifunza lini haya?"

"Mwaka wa kwanza chuoni. Kitambo! Hata usingizini nayajua."

"Na kuna fundi anayejua, na bado anaacha?"

Erastus akakuna shingo. "Wako. Mwenye jengo anakusukuma umalize, raba zimeisha, duka liko mbali. Unapitisha tu."

Nzisa akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafungua fundo la leso yake. Ndani mlikuwa na kifuniko cha boksi la swichi, alichokibandua mwenyewe kwenye ile karakana ya Mitaboni siku ya pili baada ya mazishi. Kilikuwa kimeandikwa kwa kalamu nene, kama mafundi wanavyojitangaza wakimaliza kazi: ERASTUS, FUNDI STIMA, na namba ya simu.

Erastus aliutazama mwandiko wake.

"Miezi saba nimemwambia Mungu, huyu kijana hakujua," Nzisa alisema. "Kumbe ulijua, mwanangu."