Msikilizaji wa Restituta

Kila mwanafunzi anayekimbia mashindano lazima awe na msikilizaji nyumbani. Kidude kilichobandikwa kifuani hupeleka mapigo ya moyo kwenye spika, na msikilizaji akisikia moyo unayumba, hubonyeza kitufe ili madaktari wa uwanjani wamkimbilie mtoto wake.

Msikilizaji wa Restituta alikuwa mama yake. Alipika huku moyo wa bintiye ukidunda juu ya kabati, akaujua kuliko alivyoujua wake mwenyewe.

"Jana jioni moyo wako ulikwenda mbio, na mazoezi yalikuwa yamekwisha," alimwambia jikoni huku akicheka. "Mvulana gani huyo?"

Restituta angeweza kudanganya. Lakini alikuwa na miaka kumi na saba, na alikuwa amechoka kudanganya.

"Si mvulana, mama. Ni msichana. Mimi napenda wasichana."

Mama hakugomba. Alifunika sufuria, akanawa mikono, akaenda kuizima spika. Tangu siku hiyo walikula pamoja kama kawaida, wakiongea habari za mvua na za majirani.

Siku ya fainali ya mita mia nane, karani aliitazama orodha yake. "Msikilizaji wako hajawasha, binti. Tumwandike nani?"

"Mama," alisema Restituta. "Atawasha." Karani akaandika, akamruhusu aingie uwanjani.

Bastola ikalia, wenzake wakachomoka. Naye, aliyekuwa na mbio kuliko wote, akawafuata nyuma polepole, kiganja kifuani, akijisikiliza mwenyewe.