Mama Asiingie Majini

Saa kumi na mbili asubuhi Mkaguzi alikuwa amesimama kwenye bwawa la kuogelea, maji yakimfika kifuani, akimhesabia mama yake pumzi.

"Kumi na nne," alisema. "Mama, umezidisha. Toka upumzike."

"Pumzika wewe," mama akajibu, akajisukuma kuelekea kwenye kina kirefu. Ikabidi amfuate.

Jina la Mkaguzi alibandikwa na dada zake kwa sababu ya kazi yake. Kampuni ya bima ilimlipa azunguke na kamera akitafuta moto utaanzia wapi na ngazi ipi itamwangusha nani, na kazi hiyo ilikuwa imemwingia mwilini. Mwaka uliopita daktari alimwambia afanye mazoezi, maana presha ilikuwa imepanda na tumbo limetangulia. Mkaguzi alimpa daktari wa watu mhadhara wa dakika ishirini juu ya viwiko vinavyovunjika, kisha akarudi kwenye kochi lake.

Basi mama yake, fundi cherehani wa miaka sitini na mmoja, aliposimama katika kikao cha familia akatangaza kwamba anayataka yale mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, yote kwa mkupuo mmoja, Mkaguzi aliona giza. Baba yao walishamzika. Hakuwa tayari kumzika na huyu kwa ajili ya fulana ya bure.

"Mama hazuiliki kwa maneno," dada mkubwa alisema. "Mfuatilie. Kila zoezi uwe naye, uandike hatari zote. Zikiwa nyingi, siku yenyewe utamzuia, na sisi tutakuunga mkono."

Hapo walikuwa wamemshika penyewe. Kesho yake alinunua daftari.

Mwalimu wa kuogelea alimweleza kwamba mwanafunzi aliyevuka miaka sitini lazima awe na ndugu ndani ya maji, umbali wa kunyoosha mkono, na ndugu huyo naye ajue kuogelea. Mkaguzi akajifunza, akilalamika huku akimeza maji. Barabarani aliendesha nyuma ya mama, amevaa helmeti na kizibao cha kung'aa, taa tatu na filimbi shingoni, ili lori likija limgonge yeye kwanza. Kwenye mbio alikuwa ubavuni kwake, na sanduku la huduma ya kwanza likimgonga mgongoni.

Usiku akaandika: Mbwa wawili, kona ya kiwanda cha mikate. Shimo, mita arobaini kabla ya daraja. Mama anageuka nyuma kunitazama kila mara. Hatari kubwa.

Wiki ya tatu alimwomba warudi nyumbani.

"Umechoka?" mama aliuliza.

"Mimi? Nakuhofia wewe."

"Kama hujachoka, basi twende mpaka darajani."

Kufika wiki ya tisa alikuwa kwenye daftari la pili, na suruali za kazini zilikuwa zinamvuka. Mama alizichukua akazipunguza kiunoni bila kuuliza lolote.

"Ni wasiwasi," Mkaguzi alimwambia mke wake. "Wasiwasi wa mama unanimaliza." Mke wake akageukia sufuria, mabega yakimtikisika. Mkaguzi alidhani analia, akamwonea huruma.

Siku ya mashindano alifika ziwani kabla jua halijachomoza vizuri. Hakuwa amelala. Kila alipofumba macho aliona kofia ya mama ikielea peke yake. Alikuwa amekuja na baiskeli yake, na kaptura ya kuogelea ndani ya suruali, kwamba mama akikaidi atamfuata humo humo. Kwapani alikuwa na madaftari mawili, hatari mia moja na tisa.

Alimkuta mama amekaa kwenye kiti cha plastiki. Hotuba aliyoipanga ikamtoka yote kichwani.

"Mama, tangu nianze kujitegemea sijakuomba kitu. Leo nakuomba. Usiingie kwenye maji haya." Sauti ikamkatika. "Nikikupoteza wewe, sina mwingine wa kumwita mama. Naogopa. Naogopa kweli."

Mama alimfuta uso kwa kiganja kama mtoto mdogo, na macho yake mwenyewe yalikuwa yamelowa.

"Sawa, mwanangu," alisema. "Siingii."

Mkaguzi alishusha pumzi aliyokuwa ameibana wiki kumi na mbili. Alitaka kuruka. Alitaka kuwapigia simu dada zake, kumbe walikuwa papo hapo nyuma yake pamoja na mke wake, wamebeba kitu kirefu kilichoviringishwa.

Mwanamke mwenye orodha na kalamu ya wino mzito akawafikia.

"Mia mbili na kumi na nne?"

"Amejitoa," Mkaguzi alisema kwa fahari. "Mama yangu amejitoa."

Mwanamke alipitisha kidole kwenye orodha, juu mpaka chini, kisha akamtazama mama aliyekuwa anajimiminia chai.

"Mama yako hayumo humu," alisema, akamkunja Mkaguzi mkono wa shati, akaanza kumwandika namba begani. Nyuma yao wale wanawake watatu wakakunjua bango la mita tatu, lililoshonwa kwa cherehani, lenye jina la Mkaguzi kwa herufi nyekundu.