Harufu ya Gauni la Zambarau

Nguo ikirudishwa, Saumu huinusa kwanza kwapani, halafu shingoni. Ameandika waziwazi kwenye ukurasa wake wa kuuzia nguo mtandaoni kwamba isiyoridhisha irudishwe ndani ya wiki, na pesa itarudi yote, mradi haijavaliwa. Lakini wateja wake anawajua. Wanakwenda nayo harusini, kisha wanaapa hata hawakuijaribu. Udi ndio unaowaumbua.

Gauni la zambarau lilirudi na lebo yake. Kwapani lilikuwa safi, ila shingoni lilinukia. Saumu akampigia simu mteja aliyelirudisha.

"Dada, hili limevaliwa. Lina harufu."

"Sijalivaa," mwanamke akajibu, bila haraka. "Harufu ya nini?"

Neno alikuwa nalo mdomoni. Akalinusa tena ili aliseme kwa uhakika, na udi haukuwepo. Ilikuwa kafuri, ile ya kuoshea maiti.

"Aliniagizia mume wangu," yule mwanamke akaendelea. "Lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, chumba walichomwoshea. Sasa nimekaa eda, sivai rangi."

Saumu akampa pole. Akarudisha pesa yote, hata ya bodaboda, kisha akalianika gauni uani, likapigwa na jua na upepo.

Alasiri ujumbe ukaingia, picha ya gauni lile lile na swali la mteja mwingine: "Bado lipo?"

Saumu akatoka kwenda uani, akaishika shingo ya gauni, akaisogeza puani.

Mkononi simu ikawaka tena. "Dada, lipo?"