Jina la Bibi Rozalia

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Beatrisi. Umeamkaje?"

Aliyeamkia alikuwa na miaka hamsini na miwili. Aliyeitikia alikuwa na ishirini na minne, na neno hilo lilimkwama kooni kila asubuhi kama mwiba wa kambale.

Kambale wenyewe alikuwa hawali tena. Bibi Rozalia hakula kambale.

Bibi alifariki mwaka jana, baada ya mavuno ya ufuta. Wanawe walimsakafia kaburi, wakamwombea misa parokiani, wakapanda mikorosho mitatu kwa jina lake. Yote hayo mjukuu wake Marystella aliyapenda. Lakini siku ya kuondoa tanga, ukoo ulikaa kumtafuta wa kurithi jina, mtu atakayekaa mahali pa marehemu ili nyumba isikose mama. Wengi walimtaka Valentina, binamu yake mpole. Mama mkubwa Beatrisi, mtoto wa kwanza wa marehemu, aliyebaki pale nyumbani bila kuolewa, akakataa.

"Namtaka huyu mwenye mdomo," alisema.

Walimpaka unga kwenye paji la uso, wakamfunga kanga ya bibi, na tangu hapo hakuna mtu pale Marambo aliyemwita Marystella. Siku ile alilia kwa furaha. Aliona ni heshima kubwa kuliko shahada yake ya ualimu.

Sasa hata kiti alichokalia kilikuwa cha bibi, kile cha kamba kinachotazama geti. Geti lilikuwa na kufuli. Ufunguo ulining'inia shingoni mwa Beatrisi pamoja na rozari.

"Mwisho wa kuripoti kazini ni kesho, mama mkubwa," alisema asubuhi hiyo ya Jumanne. "Shule iko Mbekenyera, huko Ruangwa. Wasiponiona watampa mtu mwingine."

"Mimi si mama mkubwa wako. Mimi ni mwanao." Beatrisi alikuwa akipepeta mchele, hakuinua macho. "Na mama hakuwahi kulala nje ya nyumba hii."

"Kwa hiyo nitakaa hapa mpaka lini?"

"Mama alishasema. Kwenye nyumba hii hatoki mtu mpaka yeye aseme." Akautuliza ungo mapajani. "Umelala vizuri? Huna neno la kuniambia?"

Swali hilo alimuuliza kila siku, kama askari anayekagua mahabusu. Na kila siku Marystella alijibu vilevile, kwamba hana.

Saa tatu pikipiki ikapiga honi nje. Alikuwa Masanja, mfugaji aliyefiwa na mkewe, aliyehamia kijiji cha Chunyu na ng'ombe wake kutoka Kanda ya Ziwa. Kila Jumanne alileta lita mbili za maziwa. Cha ajabu, hakuna aliyeyanywa. Bibi hakuwahi kuyagusa, alisema yananuka pori. Beatrisi yalimsumbua tumbo, lakini hakukosa kuyanunua hata wiki moja. Yaliganda, wakapewa paka wa jirani.

Wiki iliyopita, Beatrisi alipoingia ndani kufuata sufuria, Marystella alikuwa amemnong'oneza Masanja: "Mzee, Jumanne ijayo uache nafasi nyuma. Kuna mtu anataka kuondoka."

Masanja alicheka mpaka magego yakaonekana. "Mwalimu, nafasi hiyo iko wazi mwaka wa sita huu."

Leo alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, na hakuwa na dumu hata moja la maziwa.

Beatrisi alifungua kufuli, sufuria mkononi. Begi la Marystella lilikuwa tayari nyuma ya mlango. Angeweza kukimbia. Zilikuwa hatua kumi tu. Lakini akaiona kesho yake: mama mkubwa ameketi peke yake mbele ya kiti kitupu, amefiwa mara ya pili. Akaliacha begi palepale.

Ndipo alipokumbuka yeye ni nani.

Akarudi kwenye kiti cha kamba, akakaa, akaifunga kanga vizuri.

"Beatrisi."

"Abee, mama."

"Mimi Rozalia nasema. Anayetaka kuondoka kwenye nyumba hii, aondoke. Simzuii tena."

Sufuria ikaanguka, ikazunguka chini mpaka ikatulia yenyewe.

"Rudia, mama."

Akarudia. Neno kwa neno.

Beatrisi aliingia chumbani kwake. Marystella alisikia kitu kizito kikiburutwa kutoka uvunguni. Akafumba macho, akasubiri fimbo.

Alipofumbua, mama mkubwa alikuwa amesimama mbele yake, amevaa viatu vyake vya misa. Mkononi alishika sanduku la bati lililofungwa kamba iliyopauka kwa kukaa muda mrefu. Akapiga magoti, akauvua ufunguo shingoni, akauweka kwenye kiganja cha msichana.

"Gari la Ruangwa linapita saa tano, mama," alisema. "Usisahau kufunga."

Kule nje Masanja alilipokea sanduku kwa mikono miwili, akalifunga kwenye keria. Kisha akaingia ndani ya geti, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuleta maziwa, akavua kofia, akainama mbele ya kiti cha kamba.

"Shikamoo, mama mkwe."